Ngozi Hulegea Mvua Ikinyesha

Baba yangu, Sowedi Lubyayi, alikuwa mchinjaji.
Asubuhi alisema bismillahi juu ya shingo ya mbuzi,
siku nyingine akaisema tena juu ya ngozi yake
iliyowambwa kwenye duara la mti wa msambya
ikakauka nyuma ya bucha, pale Kibibi,
kando ya barabara iendayo Gomba.
"Nyama nimewauzia," alitutania,
"sauti nimeibakiza."

Matari sita, wapigaji sita:
fundi baiskeli, mchuuzi wa kahawa mbichi,
Wasswa na Kato waliogombana kila siku isipokuwa hiyo,
Zubairi wa mashine ya kusaga,
na mwalimu wa hisabati asiyewahi kukosea pigo.
Usiku wa maulidi walivaa kanzu zenye harufu ya pasi ya makaa,
wakapiga magoti safu moja,
wakainama, wakainuka,
mtama unaosikia upepo mmoja.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.
Hakuna aliyenihesabu miongoni mwa waimbaji.
Lakini baba alikuwa na miaka sabini na mmoja
na beti zilianza kumtoka kama meno,
moja moja, bila maumivu.
Akinyamaza baada ya
*Ulipita mlangoni petu alfajiri*
watu walidhani amezidiwa na mapenzi.
Wengine walilia.
Mimi nilijua.
Nilisogeza mdomo kwenye kitambaa, nikampa:
*nasi tulikuwa tumelala.*
Akalipokea bila kugeuka,
kama apokeaye chenji gizani
asihesabu, maana anamjua muuzaji.

Mwaka ule kaka yangu Idirisa alirudi masomoni
na shahada, na suruali iliyokomea juu ya kifundo,
na neno moja lenye makali kuliko visu vya bucha:
bidaa.
Tari ni bidaa. Kuyumba ni bidaa. Ubani, bidaa.
Jirani yetu mzito wa masikio
akauliza bidhaa hizo zauzwa bei gani.
Mama akauliza, "Na pilau?"
Idirisa hakujibu. Alikuwa anatafuna.

Usiku wa maulidi alisimama nje, barabarani,
mgongo kwetu.

Mvua ikaja bila kubisha hodi.
Ikapenya turubai, ikapenya kofia,
ikazikuta ngozi.
Tari likilowa halilii tena;
hutoa bu, bu,
kama tumbo la mgonjwa likigongwa na daktari.
Wasswa akamtazama Kato.
Mwalimu wa hisabati akakosea.
Baba akaendelea peke yake, sauti isiyo na nguzo,
akafika palepale:
*Ulipita mlangoni petu alfajiri*
akasimama.

Nilinong'ona. Mvua ikalimeza neno.
Nikanong'ona tena.
Niliona kisogo chake kikitetemeka kidogo,
kisogo cha mtu aliyenyoosha mkono
na hakuna kilichowekwa kiganjani.

Basi nikaimba.
Si kwa kunong'ona. Kwa koo lote,
koo nililolitumia miaka yote kuita kuku na watoto.
*Nasi tulikuwa tumelala.*
Vichwa vikageukia pazia.
Hata mimi sikuifahamu sauti ile.

Kabla yeyote hajasema haramu au mashallah
Idirisa aliingia
amebeba sigiri la pilau, makaa yamewaka,
mikono ameizungushia shati lake.
Akalitua katikati ya wapigaji.
Hakumtazama mtu. Akarudi mvuani
na fulana yake.

Wakazipasha ngozi, wakizigeuza kama chapati.
Mchuuzi wa kahawa akagonga kwa kidole: tang.
Akagonga tena.
Baba hakungoja. Akasema, bila kugeuka,
"Rudia."

Asubuhi Idirisa alishika kikombe kwa viganja,
maana ncha za vidole zilikuwa na malengelenge.
Mama akazipaka asali, akamfunga vitambaa.
Ijumaa, mbele ya msikiti mpya,
aliinua vidole vile vyeupe
akasema bidaa.

Sikumwuliza kitu.
Nilikuwa na tari moja mapajani,
naipima ngozi kwa kidole gumba.